Kizingiti cha Mama

4 Machi

Mdogo wangu Chungulia,

Nakusalimu kwa jina la Mola aliyetuamsha salama. Hujambo? Kile kikohozi cha baridi kimekuachia? Unakula, au bado chai na mkate ndiyo chakula chako cha mchana? Sisi huku hatujambo, tunashukuru, isipokuwa huu mguu wangu wa kukanyagia cherehani, ambao kukiwa na mawingu unanikumbusha umri.

Najua utacheka: dada ana simu na bado anaandika barua. Lakini simu humu ndani haina siri. Ukuta wa chumba cha Mama ni mbao tu, na masikio yake, Mungu ayalinde, yanasikia hata sindano ikianguka. Nikikupigia najikuta nasema "wote wazima", basi, salio linakwisha. Kwa barua nitajimwaga.

La kwanza. Fundi wa majokofu wa barabara ya nyuma, yule aliyefiwa na mkewe, amenitamkia kwamba anataka kunioa. Usicheke. Alianza kwa kuleta suruali ya kupunguza, ikaja ya pili, ikaja ya tatu. Nikamwambia, "Fundi, kwani una miguu mingapi?" Akasema, "Miwili tu, ila njia ya kuja hapa imenizoea."

Nimesali sana juu ya jambo hili na moyo wangu umetulia. Ambaye simwelewi ni Mama. Nilimweleza nikiwa nimesimama kizingitini pa chumba chake, kama kawaida yetu, maana haingii mtu bila kuitwa. Akasema kutoka nyuma ya pazia, "Vyema." Hakuongeza neno. Na tangu siku hiyo ananipa vitu kwa mkono wa kushoto. Naomba mkasi, unatoka kwenye pazia kwa kushoto. Naomba uzi mweusi, kushoto. Mama huyu huyu aliyekuwa akitupiga vidole tukimpa mgeni kikombe kwa kushoto. Mtu akikupa kitu hivyo kila siku, mdogo wangu, anakuambia kitu. Nimemkosea nini? Mume wangu ana miaka mingi kaburini, na watoto wamekua.

La pili. Watu wananiuliza kazi yako. Nikisema "kompyuta za hospitali", wananiuliza kama unaziuza. Muuza mkaa alidhani wewe ni daktari, akataka kunionyesha jipu. Mama naye aliuliza juzi, "Hivi huyu anafanya nini hasa huko?" Nikamwambia nitakuuliza. Nieleze kwa maneno ya mtu aliyeachia shule njiani.

Nakuombea kila asubuhi.

Dada yako

*

15 Machi

Dada,

Shikamoo. Kikohozi kimekwisha, mkate upo, ila siku hizi naupaka siagi, kwa hiyo usiseme sikui.

Fundi mpe jibu lake, na umwambie suruali sasa zinatosha.

Kuhusu kazi yangu. Kompyuta ina kumbukumbu, yaani mahali inapoweka vitu wakati inafanya kazi. Mahali hapo pamegawanywa pande mbili. Upande mmoja ni wa programu za kawaida: ya kuandikia barua, ya kupigia hesabu, ya kuonyesha picha. Upande wa pili ni wa kiini, ule mfumo mkuu unaoshika vyombo vyote vya mashine. Programu ya kawaida hairuhusiwi kugusa upande wa kiini, wala kuusoma. Na hilo si suala la adabu tu, mashine yenyewe inaulinda mpaka. Programu ikinyoosha mkono kule, inauawa papo hapo. Ikitaka kitu inasimama mpakani na kuomba. Kiini kinaangalia kama ombi ni halali, kinafanya kazi hiyo chenyewe ndani, kisha kinatoa kilichoombwa pamoja na jibu: sawa, au si sawa kwa sababu fulani.

Dada, huo ni mlango wa Mama. Siku mwalimu alipotufundisha, wenzangu walikuna vichwa, mimi nilikuwa naliona pazia la maua. Vitambaa vya wateja viko ndani, sisi na mikono yetu yenye masizi tuko nje. Hakuna kuvuka. Unasimama kizingitini, unasema, "Mama, naomba mkasi," na mkasi unatoka. Au unatoka ukali: "Mkasi wa nini saa hizi?" Unakumbuka siku niliyovuka nikachungulia kabatini, nikaacha alama za vidole kwenye gauni la bibi harusi? Fimbo zilipona, jina la Chungulia halijapona mpaka leo.

Utauliza kwa nini wameigawanya hivyo. Ni kwa sababu programu ya kawaida ikipatwa na wazimu, inakufa peke yake na nyingine zinaendelea. Lakini kitu cha upande wa ndani kikikosea, juu yake hakuna wa kukishika mkono. Wote wa nje wanakiamini. Mimi ndiye ninayeandika baadhi ya hivyo vya ndani. Sasa hivi nashughulikia wodi ya watoto njiti. Kila kitanda cha joto kina kipimo, kipande nilichokiandika kinasoma joto la mtoto, na kioo cha kompyuta ya wauguzi kinaliomba kutoka kwangu. Tunafungua karibuni. Nasikia fahari kidogo, nikikuficha nitakuwa mwongo.

Huo mkono wa kushoto usikunyime usingizi. Labda amechoka tu. Muulize. Mama mzima?

Mdogo wako

*

29 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imetuchangamsha. Nilikaa kwenye kigoda kizingitini nikamsomea Mama yote, mpaka gauni la bibi harusi. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema kutoka ndani, "Kwa hiyo mimi ni kiini. Haya, mwandikie. Mwambie kiini hakijambo, kinashukuru, na lile gauni nililifua mara tatu." Nimekuandikia kama alivyosema. Kwa hiyo jibu lako ndilo hilo: Mama mzima.

Ila mimi sina raha, na nikuambie wewe maana sina mwingine. Zamani baada ya kazi alikuwa anatoka, tunasali pamoja chumba cha mbele, kisha ananisaidia kushona vifungo. Sasa anasali huko huko ndani. Vifungo anasema macho yamechoka. Chakula nakiweka kwenye kistuli cha mlangoni, sahani inarudi nusu. Binti yangu alitaka kumsuka kama kila wiki, akaambiwa, "Nywele zangu zina haraka gani?" Na marashi, mdogo wangu. Mama ambaye hakuwahi kujali marashi, siku hizi anajimwagia mpaka vitambaa vya wateja vinanukia. Mteja mmoja aliniuliza kama pesa zimenizidi. Nikamwambia ni baraka za nyumba.

Mkono bado ni ule ule wa kushoto.

Nilimuuliza kama ulivyoniagiza. Nikasema, "Mama, una jambo na mimi?" Akasema, "Jambo gani? Shona, wateja wanangoja." Nimeelewa. Hataki niolewe, na hataki kusema hataki. Nimemwambia fundi angoje. Hakugomba. Alichukua kofia yake akasema, "Nimesubiri majokofu yagande, nitashindwa kukusubiri wewe?" Akaenda zake. Nilipomtazama anavyotembea nikaingia ndani nikalia kidogo, kisha nikashona.

Niandikie hiyo wodi ikifunguliwa. Nimewaweka hao watoto kwenye dua zangu, ingawa siwajui.

Dada yako

*

20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimekaa nayo muda mrefu. Nisamehe.

Wodi ilifunguliwa. Waya wa kipimo kwenye kitanda kimoja ulilegea. Hapo kipande changu kilipaswa kumjibu mwombaji: si sawa, sipati kitu. Hakikusema hivyo. Nilikuwa nimeacha kipimo cha mwisho kikae mahali pake, upande wa ndani, bila kukifuta. Kila kioo kilipoomba joto la mtoto, kilipewa lile la zamani, na jibu "sawa". Kioo hakiwezi kuona upande wa ndani. Kinaandika kinachopewa. Kiliandika joto zuri kwa rangi ya kijani asubuhi nzima.

Muuguzi mmoja alipita, akaingiza mkono kitandani kunyoosha shuka. Akamkuta mtoto amepoa.

Wamemhamishia chumba kingine. Nimeuliza hali yake, nikaambiwa nisiulize.

Nilikipima kile kipande kwa kila namna, Dada. Nilikipa kazi nyingi, nikakipa kazi ya haraka, kikafaulu. Nilichosahau ni kuchomoa waya nikisikilize kitasema nini. Kwa sababu kilikuwa kinajibu vizuri.

Sasa sikiliza. Jana nilikuwa nimekaa tu, nikatoa barua zako nikazisoma tena. Mkono wa kushoto. Marashi. Sahani inayorudi nusu. Hataki kusukwa, hataki mtu amkaribie. Wewe umeona hasira. Mimi pia ningeona hasira, kabla ya haya. Lakini nijibu: nani amemwona Mama? Sisemi sauti. Sisemi mkono unaotoka kwenye pazia. Mama mwenyewe, ameonwa na nani, lini? Mimi nauliza, wewe unauliza mlangoni, mlango unasema mzima, wewe unaniandikia mzima, nami nalala. Hakuna kati yetu aliyeingiza mkono.

Vuka kizingiti. Mkasirishe. Mwambie ni Chungulia aliyekutuma, lawama zije kwangu, nimezizoea.

Mimi mzima. Kazi inaendelea.

Mdogo wako

*

3 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako imenitia baridi mwilini. Nimefunga na kusali kwa ajili ya mtoto yule, na kwa ajili yako pia. Mungu anajua hukukusudia.

Lakini hilo la pili siliwezi. Usinikasirikie. Wewe uko mbali, mlango wa Mama kwako ni mfano wa kufundishia. Kwangu ni mlango. Nina nywele nyeupe kichwani, na siku zote nilizokaa kwenye nyumba hii sijawahi kuvuka pale bila kuitwa, hata siku ya msiba wa mume wangu nililia kizingitini mpaka aliposema, "Njoo." Ni heshima yake iliyobaki. Mama hana mali, hana shamba, ana chumba kile. Nikivuka, nitakuwa nimemwambia kwamba hana tena hata hicho. Siwezi kupoteza radhi yake kwa sababu ya kompyuta.

Nilifanya ninachoweza. Nilisimama nikasema wazi, "Mama, Chungulia ana wasiwasi. Anauliza kama unaumwa." Akajibu haraka, "Mzima, mwanangu, nimekula." Nikasema, "Mkono wako wa kulia vipi?" Akasema, "Uko hapa hapa, uende wapi?" Akacheka. Basi nami nikacheka. Mtu anayeumwa hafanyi mzaha, au vipi?

Fundi anakuja huko kutafuta vipuri. Nimempa mashati mawili niliyokushonea, ya mikono mirefu kwa ajili ya kifua chako. Atakuletea kazini. Mpokee vizuri, ni mtu mwema hata kama mambo yetu yamesimama.

Nijulishe ya yule mtoto.

Dada yako

*

26 Mei

Mdogo wangu Chungulia,

Nakusalimu tena, ingawa ile ya mwanzo wa mwezi hukuijibu. Sijui umelala wapi unaposoma hii, wala kama umekula. Kaa chini kwanza.

Nimevuka.

Ilikuwa siku ya mvua kubwa. Bati la upande wa Mama linavuja ukilitazama, nami nikasimama kizingitini nikauliza, "Mama, maji yameingia kwako?" Akajibu, "Mzima, mwanangu, nimekula."

Nilibaki na ufagio mkononi. Nikauliza tena, taratibu, "Mama, nauliza mvua. Kitanda kimelowa?" Akasema, "Mzima, mwanangu. Nimekula." Sauti ile ile, nzuri, ya upole. Na sahani ya mchana ilikuwa kwenye kistuli, haijaguswa.

Hapo nikakuona wewe na kioo chako cha kijani. Nikalitaja jina la Mungu, nikainua pazia.

Alikuwa amekaa kitandani, ameegemea kabati, anawaka moto kwa homa, macho wazi na hanioni. Mkono wa kulia umevimba kuanzia begani mpaka vidoleni, ngozi inang'aa, ameulaza juu ya mto kama mtoto. Chini ya kanga, titi la upande ule lina kidonda. Nisikuandikie zaidi, wewe ni mwanawe wa kiume na yeye asingependa. Nyuma ya kabati alikuwa ametandaza vitambaa vidogo vidogo alivyovikata kwenye mabaki yangu ya kushonea. Alikuwa anavifua mwenyewe kwa mkono mmoja, kwenye beseni la kunawia, na kuvianika humo humo ndani. Marashi yalikuwa ya hayo.

Nikamshika. Ubaridi wa mkono wangu ukamrudisha kidogo. Akanitazama, kisha akaitazama miguu yangu sakafuni.

Akasema, "Umevuka."

Nikasema, "Nimevuka, Mama."

Akajivutia kanga kifuani. Kisha akasema, "Basi shusha pazia, upepo unaingia."

Fundi ndiye aliyetafuta gari. Alimbeba Mama kama anavyobeba mitungi yake ya gesi, kwa heshima, amegeuzia uso pembeni ili asimwone. Hospitali wameishusha homa. Daktari, binti mdogo tu lakini hamung'unyi maneno, alinitoa nje akaniambia jambo hili ni la muda mrefu, lingekuja mapema lingekuwa rahisi zaidi. Anataka kumhamishia hospitali kubwa wakaanze dawa, na akasema kila tunavyochelewa njia inazidi kuwa nyembamba. Sikulia mbele yake. Nilimuuliza kama nitaruhusiwa kulala karibu naye.

Mama homa ilipopoa nilimuuliza kwa nini. Sikumuuliza mlangoni. Nilikuwa nimekaa kitandani kwake, namchana nywele. Alisema, "Wewe ungeacha kuolewa, na yule angeacha wale watoto wake wa vitandani. Nilisema nitangoja kwanza mambo yenu yatengemae." Kumbe lile "vyema" lilikuwa vyema kweli. Hakuwahi kuwa na hasira na mimi. Mkono ulikuwa hauinuki, basi. Nami miezi yote hiyo nilikuwa naunung'unikia huku nikijiona mtu wa sala.

Sasa lako.

Fundi alifika kazini kwako na mashati. Getini wakamwambia hupo tena, ulisimamishwa tangu mwezi wa nne. Mwezi wa nne, mdogo wangu, ndio ulioniandikia "kazi inaendelea". Akaenda chumbani kwako, mama mwenye nyumba akasema umehama. Akarudi getini, maana ni mtu asiyechoka, akakaa na mlinzi mpaka wakazoeana. Mlinzi ndiye aliyemwambia kwamba huwa unakuja. Unasimama nje ya dirisha la wodi ya watoto, hugongi, huulizi, kisha unaondoka. Mashati ameachiwa yeye, na barua hii naituma kwake, akupe siku ukipita.

Fundi aliuliza pia habari za yule mtoto. Muuguzi aliyetoka kununua maji alimwambia kwamba alipata joto, akanyonya, na mama yake alishamchukua nyumbani. Nakuandikia hili maana naona hukuambiwa. Walioko nje huambiwa mwisho. Huyo mtoto yuko kwao. Acha kusimama dirishani.

Nyumbani pazia la Mama nimelifunga kwa kamba, chumba kiko wazi nimekifagia. Binti yangu bado akifika pale anasimama, anaomba mkasi kwa sauti, halafu anakumbuka hakuna mtu. Hata mimi miguu inasimama yenyewe.

Mama anakataa kuhamishwa. Daktari amembembeleza, mimi nimembembeleza, anasema hatoki pale mpaka asikie kutoka kwako kwamba uko salama na kazi yako haijaharibika kwa ajili yake. Jana aliniuliza, "Chungulia hajambo?" Nami nikajibu papo hapo, "Hajambo, Mama, kazi inaendelea." Limenitoka lenyewe. Nilikuwa nalirudisha lile lako la zamani, nikampa yeye.

Aliushika mkono wangu kwa ule wake wa kushoto, akasema, "Nani amemwona?"

Swali hilo nakuletea wewe. Kama umefukuzwa, sema umefukuzwa. Kama huna pa kulala, sema. Ukiweza kuja, njoo ukae kitandani kwake, anaruhusu sasa. Ukishindwa, andika, nitamsomea kama ulivyoandika, wala sitaongeza neno. Ila iwe kweli, na iwe upesi, kwa sababu gari la kumpeleka lipo na yeye anakungoja wewe.

Tafadhali nijibu haraka.

Dada yako